Shangazi Cheche na Timu Isiyo na Shule

Mimi ni msusi. Saluni yangu na karakana ya Cheche zimepakana, ukuta ni mmoja, tena wa mabati. Akiwasha grenda ya kukatia chuma, mteja wangu husikia meno yakimtetemeka, na nikilalamika hunijibu kwa kelele zaidi. Kwa hiyo ninayoyasimulia sikuyasikia kwa watu. Mengi niliyaona kwa macho yangu, kitana mkononi.

Jina la Cheche alipewa na wateja. Fulana zake zote zina matundu ya kuungua, na ulimi wake nao hauko mbali na moto. Ni fundi wa kuchomelea: milango, madirisha, mageti, vitanda vya chuma. Mtu mgeni akija karakana humpita, akamwendea kijana anayeshika koleo na kumwuliza, "Fundi yuko wapi?" Cheche huvua miwani yake myeusi, akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Umempita mlangoni. Rudi umsalimie."

Alipokuwa na miaka kumi na sita alikuwa nahodha wa mpira wa kikapu shuleni kwao. Akapata mimba. Asubuhi moja mwalimu mkuu alimwita mbele ya shule nzima, akamwambia avue jezi aiweke mezani, kwa kuwa jezi ni mali ya shule. Aliivua, akabaki na shimizi, akatoka getini mikono imejikunja kifuani. Nyumbani mama yao alilia siku tatu. Kaka yake, aliyekuwa fundi, siku ya nne alimrushia glovu za ngozi akasema, "Wamekufungia shule. Karakana sijakufungia mimi. Amka."

Akaamka. Akajifungua mtoto wa kike, akamlea huku akijifunza kazi, na yule mtoto leo anapima damu maabara katika zahanati ya mtaa. Kaka alipofariki, karakana ikabaki kwa Cheche. Mpira hakuugusa tena. Hata ukiuliza habari zake, alikuwa anabadilisha mazungumzo.

Ilikuwa hivyo mpaka alipotokea Twiga.

Mwaka ule, wasichana wanane wa mtaani walikuwa na tabia ya kukaa kwenye kivuli cha karakana mchana kutwa. Walioacha shule, waliofukuzwa, wawili wametoroka kazi za ndani. Watatu kati yao walikuwa na watoto. Walikuwa wamelaza pipa bovu juu ya lundo la vyuma chakavu, wakilirushia maganda, makopo, chochote. Mrefu kuliko wote, ambaye wenzake walimwita Twiga, alikuwa na mtoto mgongoni. Alirusha kopo kutoka mbali, likaingia. Akarusha la pili, likaingia. La tano lilipoingia bila kugusa ukingo, grenda ya upande wa pili ikazimika.

"Wewe," Cheche alisema. "Nani kakufundisha kukunja kiganja hivyo?"

"Hakuna, shangazi."

"Rusha tena."

Siku mbili baadaye alikata nondo, akaikunja duara, akaichomelea kwenye bomba refu, akalisimika katika uwanja mtupu nyuma ya maduka yetu. Wasichana walishangilia, wakataka mpira aliokuja nao. Cheche akauficha nyuma ya mgongo.

"Kwanza saa moja ya kazi. Halafu saa moja ya mpira. Asiyetaka la kwanza, la pili asilinuse."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta na wanafunzi wawili wa kusuka bila kuulizwa. Seremala wa jirani akapewa wawili. Wanne wakabaki kwake, wakajifunza kupima, kukata na kusoma vipimo. Aliyekuwa hajui kusoma alianza na tarakimu za futi kamba. Usifikiri yalikuwa mambo ya kukumbatiana. Mmoja alimtukana, akaondoka, akakaa wiki mbili bila kuonekana. Cheche alimfuata mpaka kwao, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akamwambia, "Matusi yako nimeyasikia, hayana hata ubunifu. Njoo kesho saa mbili." Akaja.

Kwa Twiga mlango ulikuwa mgumu zaidi. Aliishi kwa baba yake mdogo, na huyo bwana hakupenda kumwona mama mtu akirukaruka na bukta.

"Huyu ameshaharibikiwa," alisema mbele ya mwenyewe. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Shemeji, mimi nilimwagika kabla yake," Cheche akajibu. "Geti unalolifunga kila siku nani kakutengenezea?"

Bwana alitazama geti lake. Twiga akaendelea kuja.

Baada ya mwaka mmoja walikuwa timu hasa. Kulikuwa na mashindano ya wasichana ya kila mwaka, yanafanyika katika ukumbi mkubwa wa michezo. Cheche alipeleka majina yao mwenyewe, nami nikamsindikiza. Katibu wa mashindano alikuwa mtu safi, kola imenyooka, kalamu tatu mfukoni. Akasoma karatasi, akaiweka chini.

"Shule gani?"

"Hawana shule."

"Basi tuseme wanaingia kama kikundi, hilo linazungumzika. Lakini hawa watatu ni wazazi. Mzazi hachezi na wanafunzi. Tunalinda maadili."

"Maadili yanaingiaje kwenye kikapu, Katibu?"

"Mama, sheria ni sheria. Watoe hao watatu, waliobaki nawaandikisha sasa hivi."

Nilidhani Cheche atawaka. Badala yake alikunja ile karatasi taratibu na kusema atawauliza wenyewe.

Aliwauliza jioni ileile, wamekaa juu ya mlango wa chuma uliokuwa haujapakwa rangi. Twiga ndiye aliyetangulia kusema. "Nendeni. Sisi watatu tutawashangilia." Alisema hivyo akimfunga mtoto kanga, haangalii mtu. Kisha mfupi wao, tunayemwita Pilipili, akasimama.

"Mimi nimeshatolewa kwenye vitu vingi, najua kunavyouma. Siwezi kumtoa mtu. Tunaingia wote au wabaki na mashindano yao."

Wote wakaitikia. Cheche aligeuka akajifanya anatafuta patasi. Macho yalikuwa mekundu, na siku hiyo hakuwa amechomelea kitu.

Siku ya fainali tulikwenda wote. Wasichana wanane wamevaa jezi za njano nilizowashonea, wakakaa safu ya mbele kabisa. Hakuna sheria inayomkataza mtu kuvaa njano. Kipindi cha mapumziko kilipofika na uwanja ukawa mtupu, Cheche akatoa mpira kwenye mfuko wa vifaa, akampa Twiga. "Dakika kumi na tano ni za watazamaji," alisema. "Nanyi ni watazamaji. Kanyosheni miguu."

Wakaingia. Wanne kwa wanne, bila refa. Watu waliokuwa wakitoka kununua maji walisimama milangoni. Pasi zilikuwa fupi, za haraka, na kila Twiga akifunga, ukumbi unasema "aaah!" Katibu akaja mbio.

"Toeni hawa! Mama, utanijibu!"

"Nakujibu sasa hivi. Siondoki, nao hawaondoki mpaka muda uishe. Ukitaka, niburute. Mimi nabeba mageti, sijui wewe unabeba nini."

Watu wakacheka. Katibu akaamuru taa zizimwe. Ulikuwa mchana, madirisha makubwa yalikuwa wazi, wasichana wakaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fainali ilikwisha, kombe likatolewa. Ndipo nahodha wa timu iliyoshinda, jasho bado linamtiririka, akavuka uwanja mpaka kwa Twiga. "Tumeona mnavyocheza. Hatuwezi kwenda nyumbani bila kujua. Tucheze?" Mwalimu wao alikohoa, akatazama dari, kisha akachukua filimbi yake mwenyewe akaipuliza.

Laiti ningesema tulishinda. Tulifungwa thelathini na moja kwa ishirini na tisa. Twiga alikosa mtupo wa mwisho, mpira ukazunguka ukingoni ukatoka nje, naye akaketi chini pale pale akilia. Cheche alimwendea, akachuchumaa.

"Unalia nini?"

"Nimewaangusha, shangazi."

"Mabingwa wameomba kucheza na wewe, hawakuombwa. Inuka, mtoto anataka kunyonya."

Wiki iliyofuata ikaja barua: Cheche haruhusiwi kukanyaga mashindano kwa miaka miwili. Aliibandika mlangoni mwa karakana, wateja waisome wakisubiri. Jumamosi ya kwanza timu moja ya shule ilikuja kwenye uwanja wetu wa vumbi kuomba mechi. Mwezi uliofuata timu zilikuwa tano. Cheche akachomelea goli la pili, kisha mabenchi, na wasichana wapya wakaanza kuja, wengine kutoka mitaa ya mbali, wengine na watoto wao. Kila mmoja alianza na saa moja ya kazi. Saluni yangu ikajaa mpaka nikatafuta chumba cha pili.

Mwaka wa tatu kifungu kile cha wazazi kiliondolewa katika kanuni. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeomba radhi. Ilikuja tu kadi ya mwaliko, Cheche awe mgeni wa heshima, akabidhi kombe. Akauliza kama ataruhusiwa kuzungumza. Wakasema ratiba imejaa. "Basi kombe mnaweza kulikabidhi wenyewe," akawajibu, "mikono mnayo."

Timu ilikwenda bila yeye, ikiongozwa na Twiga, ambaye siku hizi anasoma masomo ya jioni na kuchomelea mchana. Wenzake watatu walikuwa wazazi, na majina yao yalisomwa ukumbini kama majina mengine. Cheche alibaki karakana. Nilipomwuliza kwa nini asiende walau kutazama, aliniambia kuna geti la mteja linatakiwa Jumatatu, akavaa miwani, na meno ya mteja wangu yakaanza kutetemeka.