Kuchora Jicho la Shangazi

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa kujitolea wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja upande wa Mlalo. Kusoma nilisoma hadi darasa la nane, lakini kilichonipa sifa ni kuchora. Nikichora ng'ombe ubaoni, watu walimtambua ni ng'ombe wa nani. Siku moja nilimchora mwenyekiti wetu wa kijiji na jembe begani, darasa likacheka mpaka mama mmoja akaomba ruhusa ya kutoka nje, maana mwenyekiti wetu jembe alilishika siku za wageni tu.

Kwa sifa hiyo ndiyo nikaingia kwenye mambo ya macho.

Shule ilipofungwa likizo, alikuja daktari wa macho na Landrova, jenereta, na muuguzi mmoja mwenye sweta jekundu ambaye hakulivua hata jua likiwaka. Daktari alikuwa akifanya utafiti. Alitaka kujua ni watu wangapi huku milimani wana kovu jeupe kwenye kile kioo cha mbele cha jicho, ambacho yeye alikiita konea. Alitaka kujua lilianzaje, baada ya ugonjwa gani, waliweka dawa gani, na nani kati yao anaweza kusaidiwa kwa kisu. Aliziba madirisha ya darasa la tatu kwa mablanketi ili kuwe na giza, akaweka mezani darubini inayomulika mwanga mwembamba kama uzi, na juu ya darubini akafunga kamera.

Kamera ndiyo iliyomwangusha. Filamu ya kwanza aliipeleka Dar es Salaam ikasafishwe, na iliporudi picha zote zilikuwa nyeupe tupu. Unyevu wetu ulikuwa umeingia hadi ndani ya lenzi.

"Nimesafiri kote huku kuja kupiga picha za ukungu," alimwambia balozi wetu wa nyumba kumi, akiwa amekata tamaa.

Balozi akamjibu, "Mbona tunaye anayechora?"

Nikaitwa mbio, mikono bado ina udongo wa viazi. Daktari alinipa kalamu za rangi na karatasi yenye duara limeshachapwa. Kovu nilichore kwa nyeusi, mishipa ya damu kwa nyekundu, na ile rangi ya jicho lenyewe, pale inapoonekana, kwa kahawia. Muuguzi akaweka kidevu chake kwenye kibao cha darubini, nami nikainama upande wa pili.

Nilicheka. Sikuwa na jinsi. Nilikuwa nimeangalia macho ya watu maisha yangu yote na sikuwahi kuona jicho. Kahawia ile haikuwa kahawia tu, ilikuwa na nyuzi na mabonde na vijishimo, kama shamba lililotoka kulimwa linapoangaliwa kutoka kilima cha pili. Katikati shimo jeusi lilikuwa linacheza, likipanuka na kusinyaa. Na mbele ya yote kulikuwa na kioo safi kiasi kwamba kama si ule uzi wa mwanga kupinda juu yake, ningesema hakuna kitu.

"Kuna nini?" muuguzi aliuliza kwa hofu. "Nina ugonjwa?"

"Huna. Ni mzuri tu, dada. Ni mzuri mno!"

Akaanza kucheka na yeye, kichwa kikacheza, na daktari akatukemea wote wawili. Mchoro wangu aliuangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniambia nije kesho saa moja asubuhi.

Nilichora macho kwa wiki tatu. Watu walikuja kutoka hadi bonde la tatu, wenye makovu na wasio na makovu, kwa sababu habari zilienea kwamba kuna binti anakuchorea jicho lako kubwa kama sahani. Vijana wenye macho mazima kabisa walijipanga mstari wakijifanya hawaoni mbali. Bibi mmoja aliuliza kama naweza kumchora na kofia. Nilirudi nyumbani kila jioni nikiwa kama nimelewa, nikimweleza shangazi yangu yote niliyoyaona, naye akisonga ugali huku akinirekebisha kama vile alikuwepo.

Shangazi huyo ndiye aliyenilea. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, na alikuwa kipofu. Alipokuwa mwanamwali tu, macho yalimuuma na kuvimba, watu wakamkamulia maji ya majani, na yalipotulia jicho la kushoto lilikuwa limenywea na la kulia limefunikwa na weupe. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilipofika miaka minne wazazi walinipeleka kwake niwe macho yake, nikakaa. Nilimshika mkono kwenda kisimani, kanisani na sokoni. Alijua sura yangu kwa vidole. Alikuwa na ulimi mkali na masikio makali zaidi, na mtu aliyepunguza maharage kwenye kibaba mbele yake alijuta.

Kwa daktari alikataa kwenda. "Hospitali waliniangalia zamani wakasema haiwezekani," alisema. "Kuambiwa mara moja kunatosha."

Siku ya mwisho ya wiki ya tatu alibadilika. Alisema haendi kupimwa, anakwenda kusikiliza kazi yangu. Nikamfunga kitambaa chake kizuri, tukaenda.

Jioni ile daktari alikuwa amechoka. Alikuwa ameangalia macho tangu asubuhi. Alimsalimu, "Shikamoo, mama," akammulika kwa tochi, akasema kwa upole kwamba la kushoto limekufa na la kulia ni kovu tupu. Akaandika hivyo kwenye karatasi. Kwa ajili ya utafiti tu, akaniambia nichore.

Basi nikamwekea shangazi kidevu kwenye kibao, nikainama. Miaka kumi na minane nilikuwa macho yake, na ndiyo kwanza nayaangalia. Nikaifuta mikono kwenye kanga. Kovu lilikuwa jeupe zito, limelala katikati na kupanda juu, na mishipa miwili myembamba imeingia ndani yake. Nikachora. Nikashuka chini taratibu, upande wa pua, na hapo, pembeni kabisa, weupe ukaisha. Kulikuwa na ukanda mwembamba kama ukingo wa mwezi mchanga, na nyuma ya ukanda ule nikaiona kahawia, nyuzi zake zote, safi. Nikachukua kalamu ya kahawia nikapaka.

Daktari alipopokea karatasi alikunja uso. "Hii kahawia ya nini?"

"Ni rangi ya jicho lake, Ndugu Daktari. Inaonekana pale."

"Umekosea. Pale ni kovu."

"Mimi nimechora nilichokiona."

"Binti, nimeliangalia mimi mwenyewe."

"Uliliangalia kwa tochi," nilisema, na mara nikatamani ardhi inimeze. Muuguzi akajifanya anahesabu pamba.

Shangazi, kidevu bado kwenye kibao, akasema, "Kama mnabishana juu ya jicho langu, mbishane upesi. Shingo inauma."

Daktari alikaa. Akainama kwenye darubini, akazungusha mwanga huku, akazungusha kule. Akaangalia mpaka nikasikia jenereta imebadilisha mngurumo. Kisha akainua kichwa na kumwambia muuguzi, bila kunitazama, "Nipe atropini."

Alimdondoshea shangazi matone ya dawa hiyo. Alitueleza wakati tukisubiri. Mboni ya jicho la shangazi ilikuwa nyuma ya kovu, kama mtu aliyekaa nyuma ya ukuta. Dawa ile ingeipanua, na kama ingepanuka hadi kufika pale kwenye ukanda safi, na kama huko ndani jicho bado ni zima, basi mwanga ungepita. Kama sivyo, sivyo. Tukanywa chai. Shangazi alikunywa vikombe viwili akilalamika kwamba sukari ni ya kupimiwa.

Kikombe cha pili hakukimaliza. Alikishusha polepole, akageuza kichwa upande kama kuku anayesikiliza.

"Nani kavaa kitu chekundu?" aliuliza.

Muuguzi alitoa ukelele, akaangusha sahani ya pamba. Daktari aliruka, akainua mkono mbele ya uso wa shangazi. "Mama, vidole vingapi?"

"Vitatu. Na kimoja kina kucha chafu."

Ilikuwa ni wino, maskini, lakini daktari alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje nikizunguka uwanja wa shule kama mbuzi aliyekatika kamba, na watu waliokuwa kwenye mstari, bila kujua kuna nini, wakaanza kupiga vigelegele.

Matone yanaisha nguvu, kwa hiyo ilibidi kisu. Wiki mbili baadaye tulipelekwa kwa Landrova hadi hospitali ya Lushoto mjini. Daktari aliniruhusu kuingia chumba cha upasuaji, nimevaa kofia na kitambaa cha mdomo, kwa sababu alitaka mchoro wa kabla na wa baada. Sindano ya ganzi ilipoingia chini ya jicho, shangazi alinibana mkono nikadhani mfupa umevunjika.

"Ndugu Daktari," alisema baada ya muda, "ndugu gani anachoma mwenzake sindano ya jicho?"

"Mama, ukiongea kichwa kinacheza."

"Nimenyamaza."

"Bado unaongea."

"Nakwambia kwamba nimenyamaza!"

Hatimaye alinyamaza kweli, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Daktari alifungua kijimlango kidogo ukingoni mwa konea, akaivuta ile kahawia kwa kibanio chembamba, akakata kipande kidogo kuliko punje ya ulezi. Nyuma ya ukanda safi likabaki dirisha jeusi, na mboni sasa ilikuwa na umbo la tundu la ufunguo. Sikuzimia. Nilichora, ingawa muuguzi alinishika kiuno muda wote, maana nilikuwa naelea.

Bandeji ilitolewa asubuhi siku chache baadaye, karibu na dirisha. Shangazi alipepesa, akainamisha kichwa ili apate kutazama kupitia lile dirisha lake la chini, akaniangalia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi.

"Kumbe meno yako yamepangana," alisema. "Siku zote unaongea kama mtu mwenye pengo."

Kisha akashika uso wangu kwa mikono yote miwili, akafumba jicho na kunipapasa, akafumbua na kunitazama, akafumba tena, akafumbua. Alifanya hivyo mara nyingi. Alikuwa anahakikisha kwamba ni mimi yuleyule.

Kwenda kituo cha basi ni dakika kumi. Sisi tulitumia karibu asubuhi nzima. Alisimama kwenye kila bati jipya, kila sketi fupi, kila rundo la mapeasi sokoni. Aliuliza msitu wa kilima cha mbele umekwenda wapi. Mbele ya ofisi za wilaya alisimama kabisa. Alipopofuka palikuwa na bendera ya Mwingereza. Uhuru aliusikia redioni, rangi za bendera mpya aliambiwa na kuziimba kwenye nyimbo, lakini hakuwahi kuiona.

"Ile nyeusi ni pana kuliko nilivyodhani," alisema, kichwa ameinamisha. "Na ile ya njano mbona wameibana?"

Askari mmoja alikuja kuuliza tunatafuta nani. Shangazi akamwambia hatutafuti mtu, tunaangalia bendera, na kama si kosa ataendelea. Askari alivua kofia, akasimama nasi akaangalia pia.

Hakupata macho ya tai. Daktari alimwambia mapema kwamba ataona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mlango, na ndivyo ilivyokuwa. Herufi ndogo zilimshinda. Lakini alikuja darasani kwangu akakaa benchi la mbele, pua karibu iguse ubao, akajifunza kuandika jina lake, na akanikosoa ng'ombe wangu miguu ya nyuma. Kwa utafiti ule daktari aliwarudia wote niliowachora. Aliowakuta na ukanda kama wa shangazi hawakuwa wengi, na si wote waliofanikiwa. Wengi weupe wao ulitokana na surua ya utotoni, au na maji ya majani. Mwaka uliofuata yeye na muuguzi walipita kijiji kwa kijiji kuwaambia kina mama jicho linalouma lisitiwe kitu, liletwe. Walitumia michoro yangu, na shangazi alikwenda nao akionyesha jicho lake kwa yeyote aliyetaka na asiyetaka kuangalia.

Lakini kabla ya hayo, Jumamosi moja, kama mwezi hivi baada ya kurudi kutoka hospitali, alijifunga kanga, akachukua kikapu, akasema anakwenda sokoni. Nikainuka nichukue mkono wake.

"Kaa," alisema. "Na wewe huna kazi?"

Nilimwacha atangulie. Kisha, kwa sababu miaka kumi na minane haiishi kwa mwezi mmoja, nikamfuata kwa mbali, nikijificha nyuma ya migomba. Alitembea katikati ya njia bila kugusa ukuta wala fimbo. Akaruka mfereji. Akasalimia watu kabla hawajamsalimia, wakashtuka. Pale kwenye kona ya duka la ushirika aligeuka ghafla, akainamisha kichwa, akanyoosha kidole moja kwa moja kwenye mgomba wangu.

"Toka huko!" alipaza sauti, njia nzima ikasikia. "Nakuona!"

Nikatoka. Alikuwa anacheka mpaka kikapu kinatikisika, na mimi nikacheka mpaka ikabidi nikae chini njiani, na alipomaliza kucheka aligeuka akaenda zake sokoni.