Siku Nilipoitupa Diski ya Maalim Pipani

Sogea hapa karibu nikueleze, lakini niahidi kwanza kwamba hutacheka mpaka nimalize, maana mkasa huu nimeukalia miaka mingi, na hata leo nikiona kitambaa cha kufuma juu ya televisheni ya mtu, uso wangu hupata moto. Aibu yenyewe sikutiwa na mtu. Niliishona mwenyewe, uzi kwa uzi, na ilianza na jambo dogo kabisa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikifundisha kompyuta wasichana kumi na mmoja pale mtaani Kuze, katika chumba cha juu cha madrasa moja. Kamati ya madrasa ilitupa chumba hicho bure kila Jumamosi, kwa sharti kwamba tufundishe kitu chenye manufaa. Mashine ilikuwa moja. Tuliachiwa na mhandisi mmoja aliyekuwa akihama nchi, nayo ilikuwa nzima, safi, nzuri ya kutazama, ila ilikuwa Makintosh, ile yenye alama ya tunda usoni, na mjini kote ofisi zilikuwa zikitaka mtu anayejua Windows.

"Mwalimu Zuhura," Bi Shufaa aliniambia wiki ya kwanza tu (huyu alikuwa mama wa mmoja wa wanafunzi wangu, na ulimi wake mtaa mzima waujua), "mwanangu akenda kuomba kazi maofisini Shimanzi akaulizwa Windows, awajibu kwamba yeye ajua tunda?"

Nikatafuta dawa, na dawa ilikuwepo. Nieleze polepole, si jambo gumu. Makintosh ilizaliwa na lugha yake, na Windows ilitungwa kwa mashine za ukoo mwingine, hazielewani. Lakini ipo programu inayokaa katikati kama mkalimani: Windows ikisema neno, mkalimani hulisikiliza, hulifasiri, mashine hutenda, kisha jibu hurudi kwa njia ile ile. Kazi hufanyika, ila kama mazungumzo yoyote ya mkalimani, huchukua muda. Nilipoiwasha mara ya kwanza na Windows ikajaa kwenye kioo cha Makintosh, nilipiga kigelegele peke yangu chumbani.

Hapo ndipo ningewaeleza watu ukweli, na wangeuelewa, kwani si ndiyo kazi yangu kueleza? Lakini nikajiambia, mbona niwachanganye? Wacha waamini tu kwamba mashine imegeuzwa kuwa ya Windows. Bi Shufaa alikuwa ametuletea kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kama tunavyofunika redio na televisheni majumbani, na mimi nikakivuta mbele kidogo, upana wa vidole vitatu, kikaziba tunda.

Ndiyo hayo tu. Vidole vitatu.

Ila uwongo mdogo una watoto. Ikawa kila Jumamosi lazima nifike kabla ya wasichana, niiwashe mashine, niifungue Windows, ili asiwepo wa kuuona uso wake wa asili, ule wa Makintosh. Wakiuliza mbona yajikokota, nasema, "Kompyuta ni kama wali wa nazi, ukiuharakisha utaungua." Wakauliza mbona kipanya chetu kina kitufe kimoja na vya ofisini vina viwili. Nikawajibu (Mungu anisamehe) kwamba cha pili huharibika upesi, sisi tumeletewa cha kudumu. Na Kadzo, msichana wa Rabai aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Mwembe Tayari, na ambaye hakupitwa na kitu, alinitazama kwa upole wa mtu anayejua lakini ana adabu.

Basi katika kamati kukatokea maneno. Wapo waliotaka chumba kile kiwe cha kuwekea mikeka na masufuria ya maulidi, wakasema mafunzo yenyewe hata hayajulikani ni ya nini. Katibu wa kamati, Maalim Hemedi, akaambiwa aje ajionee mwenyewe Jumamosi asubuhi, na alasiri ile ile atoe neno lake: chumba kibaki kwetu, au kiende kwa masufuria.

Maalim Hemedi alikuwa karani katika kampuni ya malori Shimanzi, kwa hivyo Windows aijua. Alipiga hodi, tukasalimiana vizuri kama inavyopasa, hali za nyumbani, za watoto, za wazee, nasi tukashukuru. Nyuma yake alikuwa Bi Shufaa, ambaye hakualikwa na mtu. Maalim akaketi, akatia mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa diski iliyofungwa kwenye leso safi.

"Humu," akasema, "mna majina ya kila mtoto aliyesoma madrasa hii tangu marehemu babangu alipoifungua. Nimeyapiga chapa mwaka mzima, saa yangu ya chakula cha mchana. Nataka niyaone katika mashine yenu."

"Una nakala nyingine, maalim?" nikauliza.

"Nakala ya nini, na yenyewe si hii hapa?"

Na kabla sijasema neno ameshaitia, mashine ikaivuta kwa ulaini wake, kwa heshima kabisa.

Mkalimani alitafuta, akatafuta, nikawa nasoma dua kimoyomoyo, na alhamdulillahi majina yakatokea. Maalim akaanza kusoma kwa sauti. Bi Shufaa akasikia jina la marehemu dadake, kisha lake mwenyewe, akajifuta macho kwa pembe ya mtandio. Maalim aligeuka akanambia, "Zuhura, hii ni kazi. Nitawaambia hivyo." Wasichana wakaminyana kwa furaha. Laiti saa ingesimama pale!

"Haya, nipe diski yangu niwahi adhuhuri," akasema, akapeleka kidole chini ya ule mdomo wa diski kutafuta kitufe cha kuitolea. Akapapasa kulia. Akapapasa kushoto. "Kitufe ki wapi?"

Hakipo. Mashine za ofisini kwake zina kitufe, unabonyeza, diski inaruka. Makintosh haina. Diski yake hutolewa kwa amri, na amri yenyewe iko katika uso wa asili, ule niliouficha, na Windows yangu ya mkalimani haijui hata kwamba kitu hicho chaweza kufanyika.

"Bado yasoma, maalim," nikasema.

"Yasoma nini, na tumemaliza?"

"Pengine ungeiacha hapa mpaka kesho..."

"Diski hii haijalala nje ya nyumba yangu hata siku moja."

Nikaletewa kikombe cha kahawa nimkaribishe, akakataa. Nikabonyeza hiki na kile, nikijifanya nashughulika. Bi Shufaa akaenda dirishani akawaambia walioko chini uchochoroni, "Imemeza! Imemeza majina ya madrasa!" na ngazi zikaanza kulia kwa miguu ya watu, muuza viazi karai na karai lake, fundi cherehani na futi shingoni, wote waje waone mashine iliyomeza madrasa.

Nikaona bora nifanye haraka, kufumba na kufumbua, pengine hawatatambua. Nikaifunga Windows. Kioo chote kikageuka.

"Mwalimu," akalia mtoto wa Bi Shufaa, "Windows imekwenda wapi?"

Picha ndogo ya diski ilikuwa pale pembeni, na sasa nieleze jambo moja ambalo laiti ningelieleza siku ile: katika Makintosh, ukitaka diski itoke, unaikamata picha yake kwa kipanya, unaiburuta, unaitia katika picha ya pipa la taka. Hakifutwi kitu. Ndiyo njia yake ya kusema kwaheri. Lakini Maalim Hemedi hakuambiwa hayo. Alichokiona yeye kwa macho yake mawili ni mwalimu wa kompyuta anaikamata kazi ya mwaka mzima, na kumbukumbu ya babake, anaipeleka jaani.

"We mwanamke! Watupa?"

Akaruka. Hakunigusa mimi, mtu wa heshima yule, aliruka kwenye ukuta, akaushika waya, akaung'oa. Kioo kikazima. Diski ikabaki ndani.

Muuza viazi akasema polepole, "Sasa ndiyo imemeza kweli."

Maalim alisimama na ule waya mkononi kama mtu aliyemkamata nyoka kichwani. Nilimwambia aurudishe, mashine ikiwaka tu itaitema yenyewe. "Huu haurudi," akasema, "mpaka diski yangu iwe mkononi." Na umeme haupiti kwenye maneno.

Hapo nikajua hakuna pa kukimbilia. Nikashika kitambaa cha Bi Shufaa, nikakivua mbele ya watu wote, tunda likatokea. Nikawaambia kila kitu: mashine ni ya ukoo gani, Windows ilikaaje humo, kwa nini yajikokota, na kwamba kile kitufe cha pili cha kipanya hakiharibiki upesi. Nilipofika kwenye kitufe Kadzo aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanamtikisika kwa kicheko.

"Na chini ya mdomo huu," nikasema, "mna kitundu kidogo. Ukitia chuma chembamba na kusukuma, diski hutoka hata bila umeme. Nani ana pini?"

Bi Shufaa akatoa ya mtandio wake, lakini ilikuwa fupi. Kadzo akachomoa pini ya nywele, akainyoosha kwa meno, akanipa. Nikakikosa kitundu mara mbili. Mara ya tatu nikasikia *tak*, na diski ikachomoza kama ulimi wa mtoto mtundu.

Maalim aliichukua, akaifuta kwa leso, akaigeuza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nitajuaje kwamba watoto wote bado wamo?"

"Lazima irudi ndani, maalim."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kisha akajipinda mwenyewe, akaurudisha waya ukutani, akanipa diski kwa mikono miwili.

Safari hii sikumwita mkalimani. Nilimfungulia faili lake katika uso wa asili wa Makintosh, na majina yakajaa kioo mara moja, hata kabla hajaketi. Yote. Akashuka nayo mpaka la mwisho, akarudi juu mpaka la kwanza.

"Kumbe yaenda mbio hivi?" akasema. "Sasa kwa nini umeivisha kilemba cha mwenziwe?"

Adhana ikasikika, akainuka. Mlangoni akageuka. "Chumba ni chenu, na kamati nitaiambia mimi. Wafundishe Windows, Shimanzi wataitaka. Lakini wafundishe pia kwamba ina mkalimani, wasije wakadanganyika. Na hicho kitambaa nakichukua."

"Kitambaa changu hicho!" akasema Bi Shufaa. "Nimefuma mimi!"

"Basi kifunike redio yako, Shufaa, si aibu za watu."

Wiki iliyofuata Maalim alikuja na diski tatu mpya tumtolee nakala, na tulipomaliza aliikamata picha ya diski yeye mwenyewe, akaiburuta mpaka kwenye pipa, akaitupa huku akituangalia mmoja mmoja kama shujaa. Wasichana walimpigia makofi. Pini ya Kadzo tuliibandika ubavuni mwa mashine, ikakaa pale mpaka siku tuliyopata mashine nyingine.

Mimi tangu siku ile sijafunika alama ya kitu chochote, na sitafunika. Na wewe, kabla hujatia kitu chako katika mashine ya mtu, zuia mkono wako kwanza umwulize mwenyewe: hiki hutokaje?