Ladha ya Mchuzi Inakaa Wapi

Mtaa mzima ulimwita Pindo, maana hakuna suruali iliyopita kwenye cherehani yake ikatoka na pindo lililolegea. Lakini mumewe, dereva wa lori, alimpendea zaidi mchuzi wake wa kuku. Juu ya mchuzi ule yalielea mafuta, ukiinamia bakuli unajiona.

Siku mumewe aliporudi kutoka zahanati na karatasi ya vipimo mkononi, Pindo aliacha kushona.

"Wamesemaje?"

"Damu ina mafuta mengi. Eti nipunguze." Akavua viatu. "Nipunguze nini sasa, nile majani?"

Jioni hiyo Pindo akachemsha kuku kwa maji na chumvi, basi. Mumewe akala, akafika katikati, akaweka kijiko chini.

"Mama, kwani nimelazwa?"

Pindo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaonja sahani yake mwenyewe, kicheko kikamkauka. Kweli, chakula hakikuwa na mbele wala nyuma.

Kilichomkera si kushindwa, ni kutojua. Ladha aliyoizoea miaka yote ilikuwa ikikaa wapi? Kwenye mafuta, au kwenye kitu kingine kilichofunikwa na mafuta? Akapika mchuzi kama zamani, akauacha upoe, akautia kwenye friji. Asubuhi alipofunua, juu palikuwa pameganda tabaka la manjano. Akalibandua kwa kijiko, likatoka zima kama kifuniko. Akapasha moto uliobaki, akaonja. Akaonja tena. Ladha ilikuwepo, karibu yote.

"Kumbe!" akasema peke yake.

Toka hapo hakutulia. Kuku akamvua ngozi kabla ya kumpika. Vitunguu akavikaanga kwa kijiko kimoja tu cha mafuta. Vikitaka kushika chini, anavinyunyizia maji, anakoroga, anaviacha vishike tena, mpaka vikawa vya kahawia na nyumba nzima ikanukia. Ndipo alipoelewa kwa nini yule kuku wa kuchemsha hakuwa na ladha: hakuna kitu kilichopata rangi mle ndani. Viazi, badala ya kuvizamisha kwenye mafuta, akavipaka mafuta kidogo kwa mkono, akavichoma kwenye oveni. Si vyote vilikubali. Keki isiyo na siagi ilitoka kama sponji ya kuoshea vyombo, na mumewe akaomba ruhusa ya kuisindikiza jalalani.

Kilichomtisha Pindo ni ujio wa wifi yake, dada wa mumewe. Huyo ndiye aliyemfundisha mchuzi ule alipoolewa, na ulimi wake haukuwa na breki.

Wifi akainamia bakuli. "Wifi yangu, mafuta yameadimika siku hizi?"

"Onja kwanza."

Akaonja. Akatafuna taratibu, macho juu ya dari. "Mbona leo vitunguu navisikia? Na hii tangawizi, ndiyo umeanza kuweka?"

"Tangawizi ni ileile uliyonifundisha."

Wifi akachota tena. "Mimi nilimwaga mafuta kama mama alivyomwaga. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini."

"Hata mimi," Pindo akajibu. Mumewe alikuwa akipangusa bakuli kwa mkate.

Mumewe alipopimwa tena, mafuta ya damu yalikuwa yameshuka. Si sana, lakini yameshuka, na muuguzi akamwambia aendelee vivyo hivyo. Akaingia nyumbani akiongea tangu mlangoni.

"Muuguzi kaniuliza tunapikaje, nikamwambia anayejua ni wewe. Hebu nionyeshe."

Pindo akamwachia mwiko. Vitunguu vya kwanza vikaungua, wakavimwaga. Vya pili akavisimamia bila kupepesa macho, kikombe cha maji mkononi.

"Sasa niongeze, au nisubiri?"

"Usiniangalie mimi. Sikiliza. Vikianza kulia kwa ukali, hapo ndipo."

Yule dereva akainamisha sikio juu ya sufuria.