Papa Ferdinandi na Mlango wa Nyuma

Kosa lilikuwa langu, nalisema mapema ili nisisumbuliwe baadaye. Ni mimi niliyemwambia baba yangu, papa Nshombo Ferdinandi, kwamba Jumamosi darasa lao la Kiingereza la kanisani, ambalo mimi hulisaidia kutafsiri, litapelekwa kwa basi, meli na treni kuona majumba ya matajiri kando ya ziwa, yale ya mawe yenye minara kama ngome. Akauliza kitu kimoja tu: wenyewe tutawakuta? Nilikuwa nasonga ugali, jasho linanitoka, nikamjibu bila kufikiri kwamba tutapokelewa vizuri sana.

Sasa, mtu aliyekulia Bukavu, kwetu Kongo, enzi za papa haendi kwenye nyumba ya tajiri kuiangalia. Anakwenda kuomba kazi, au anaitwa kwa sababu kijiko kimepotea. Hilo nalijua tangu tumboni mwa mama, na bado sikulikumbuka.

Ilikuwa Julai 2015. Jumamosi ile papa alishuka ngazi za nyumba yetu ya mbao hapa West Side amevaa koti la kahawia na tai ya Jumapili, joto lote lile la Buffalo, Amerika. Mkononi alishika ile bahasha ya plastiki anamotunza barua yake ya kazi. Nikamuuliza barua inakwenda wapi. Akasema barua inakwenda anakokwenda mwenyewe. Basi lilikuwa linakuja, nikaacha kumuuliza, tukapanda.

Barua hiyo aliandikiwa mwaka 1973, akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano. Alikuwa amefanya kazi miaka sita kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, kwanza boyi wa kufagia, halafu mpishi, katika nyumba ya mtaa wa Nguba yenye ngazi zinazoshuka mpaka majini. Mzungu alipofunga virago kurudi kwao, alimwandikia karatasi kwa Kifaransa, akamwambia: hapa nimeweka kwamba wewe ndiye mpishi bora wa ziwa zima la Kivu. Papa hajui kusoma. Aliamini.

Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa, eti mikono yetu ina mafuta. Vita vilipotukimbiza, alibeba mjukuu mgongoni na barua kifuani, sufuria zikabaki. Kambini Uganda, mvua ikivuja, kitu cha kwanza kuhamishwa kilikuwa ile karatasi. Tuliijua kwa nje tu, kama watu wanavyoijua picha ya babu ukutani.

Amerika alifikia kwa kaka yangu Bahizire, pale Shively, Louisville. Bahizire anafanya kazi ghalani usiku na kulala mchana, kwa hiyo papa alitembea mle ndani kwa ncha za vidole mwaka mzima. Halafu akapelekwa Columbus kwa dada yetu Nzigire, ambako wajukuu walimjibu kwa Kiingereza naye akaosha sahani mpaka zikakosekana za kuosha. Mwisho akaja kwangu. Hakuna aliyemfukuza, Mungu ni shahidi, lakini mtu anajua anapopitishwa mkono kwa mkono. Kila mji aliomba atafutiwe kazi, na kila mji tulimwambia: papa, una miaka sitini na saba, pumzika. Siku moja alinijibu, "Chimène, mimi sikuzoea kulishwa." Nikajifanya sikusikia, maana nilikuwa nimechelewa kazini, kule ninakoogesha wazee wa watu wengine.

Jumba la kwanza tulilifikia kwa basi. Mwalimu akatupanga mstari kwenye mlango mkubwa, nikahesabu vichwa: papa hayupo. Nikaacha mstari nikazunguka nyumba, mbio, viatu vinaniuma, na nikamkuta nyuma kabisa, kwenye mlango wa jikoni. Kofia kwapani, mgongo umenyooka, anagonga kwa kidole kimoja, taratibu, kama walivyofundishwa.

Mlango ulifunguliwa na mama mmoja mzee, mzaliwa wa upande wa Kanada wanakozungumza Kifaransa, aliyejitolea kupokea wageni. Papa akamwamkia, "Bonjour, Madame," akatoa barua kwa mikono miwili. Yule mama akavaa miwani akasoma. Nilimwona uso ukimwiva kuanzia shingoni. Akaisoma tena, akaikunja, na badala ya kumrudishia papa akanipa mimi. Akaniambia kwa Kifaransa, akininong'oneza, "Binti yangu, usimwache ampe mtu mwingine."

Damu ilinichemka nikidhani anatudharau. Mimi sina dogo, nilikuwa tayari kumjibu. Lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nikaitia barua na plastiki yake mkobani. Papa akauliza madame amesema nini. Nikamwambia wakubwa hawako, leo ni siku ya wageni. Akaitika, akavaa kofia, akasema wakubwa wa majumba kama haya hawakai mahali pamoja.

Tukapanda meli kwenda jumba la pili. Papa alikaa mbele, upepo unampiga tai begani, anafurahia maji. Mimi nikaenda nyuma karibu na injini, ambako hakuna mtu, nikaitoa barua. Nimesoma Kifaransa kwa masista mpaka mwaka wa nne wa sekondari, haikunichukua muda. Ilikuwa na mistari mitatu na sahihi.

"Mwenye karatasi hii, mpishi Nshombo Ferdinandi, ni mvivu, na akiwa jikoni ni lazima sukari ihesabiwe. Haifai kumpa kazi. Anajivunia sana barua hii, kwa hiyo msimharibie furaha yake."

Nililia. Nasema wazi, nililia mpaka mtoto mmoja wa kizungu akaenda kumwita mama yake. Maana nilizikumbuka hadithi zake zote. Jinsi alivyoipeleka kwenye nyumba zote za Nguba, akaenda Muhumba, akaenda kwa mapadre, akaenda hotelini. Wanasoma, wanatabasamu kidogo, wanaikunja vizuri, wanasema hakuna nafasi. Papa alikuwa akitueleza kwamba mwaka ule kazi zilikuwa ngumu. Akaishia kubeba magunia bandarini miaka kumi na tisa, na ndiyo sababu bega lake la kushoto liko chini. Mpishi aliyejua kuoka mkate wa wazungu alibeba magunia kwa ajili ya mzaha wa mtu mmoja. Nilitaka kuitupa majini. Nikafikiri kwamba ataiuliza, nikairudisha kwenye plastiki.

Tulipofika jumba la pili, nikamwona anarekebisha tai na macho yake yanatafuta njia ya kuzungukia nyuma. Nikamshika mkono. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka, kwa sababu uchungu wa barua nilimtolea yeye. Nikamwambia hapa hakuna kazi, papa, wenye nyumba walikufa zamani, watu wanakuja kuziangalia tu na kurudi kwao.

Alisimama. Akauliza, "Donc, yaani, hakuna anayelala humu?" Nikasema hakuna. Akauliza nani basi anawasha jiko. Nikasema haliwashwi. Akatazama bomba la moshi kwa muda mrefu, halafu akafungua tai akaiweka mfukoni.

Tukaingia kwa mlango wa mbele, mara ya kwanza maishani mwake katika nyumba ya namna ile. Vyumba vya dhahabu alivipita bila kugeuka. Jikoni ndiko alikosimama. Kulikuwa na jiko kubwa la chuma la kuni, na papa akainama akalikagua bila kuligusa, akaanza kunieleza mimi na wazee wenzake wawili: hapa makaa, hapa majivu, hapa unaweka mkono na kuhesabu mpaka ishirini, ukishindwa kuvumilia kabla ya hapo mkate utaungua nje na ndani mbichi. Mwalimu akaniomba nitafsiri. Nikatafsiri. Watu wengine wakasogea kusikiliza, na papa akaongeza habari ya ganda la mkate. Sijawahi kumwona amesimama hivyo, hata harusini kwangu.

Kurudi tulirudi kwa treni. Tukakaa wawili, kiti cha dirishani yeye. Ziwa likawa linaonekana na kupotea nyuma ya miti. Akasema madame yule wa asubuhi aliisoma mara mbili. Nikasema ndiyo. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumsomea, kila mtu anaisomea tumboni mwake.

"Nisomee, mama," akasema.

Nikaitoa. Nikaiweka magotini. Nikapitisha kidole kwenye mistari ile ya laana, nikaanza.

Nikasoma kwamba Nshombo Ferdinandi amefanya kazi hapa miaka sita na hajachelewa hata siku moja. Kwamba mkate wake hauna mfano. Kwamba hana mkono mrefu, unaweza kumwachia nyumba na funguo. Maneno yakawa yanakuja yenyewe. Nikasoma kwamba ni mtu anayekula wa mwisho. Kwamba katika shida aliacha sufuria akabeba mtoto. Kwamba hata wakimhamisha kutoka mji hadi mji hakasiriki, anaosha sahani anazozikuta, na nyumba inayompata imepata bahati hata kama haijui. Hapo nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimesahau kutazama karatasi.

Papa akaichukua barua magotini mwangu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ina mistari mitatu," akasema. "Kusoma sijui, kuhesabu najua."

Nikataka kumwomba radhi, akanizuia kwa mkono. Akasema nyuso za waliokuwa wakiisoma alikuwa anaziona, pale Nguba, pale kwa mapadre. Mtu anayesoma jambo zuri hakunji karatasi namna ile. Alijua labda tangu nyumba ya tatu. Lakini ilikuwa karatasi pekee duniani yenye jina lake na kazi yake, akawa anafikiri huenda siku moja atamfikia mtu atakayeisoma vingine.

Akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na tai, na plastiki akanipa mimi ikiwa tupu.

"Bon, haya," akasema. "Hiyo uliyosoma wewe, uniandikie."

Nikatafuta kalamu kwenye mkoba. Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa ratiba ya safari, nyuma yake nyeupe. Nikaandika jina lake juu, kwa herufi kubwa, naye akainama kutazama, akaniambia nisisahau mkate.