Siku Tisa za Pampu

Mwaka ule nilikuwa nikiishi peke yangu Ukunda, chumba cha ghorofani nyuma ya Kona ya Musa, na siku nyingi mtu wa kwanza kuisikia sauti yangu alikuwa muuza viazi karai, saa kumi za jioni. Mume alikuwa amekwenda zake. Kazi yangu niliifanya mezani: kuandika programu za vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye pampu za maji vijijini, vikahesabu kila mara mpini unaposhushwa. Wakubwa wangu walikuwa ng'ambo, na tuliandikiana tu. Nilikuwa mpweke, nikijidanganya kwamba napenda utulivu.

Katika kijiji kimoja, ndani kidogo kutoka Msambweni, pampu ilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mama mmoja mjane. Alifungua baada ya swala ya alfajiri, akafunga magharibi. Hakulipwa, lakini kijiji kizima kilimwita Mwenye Ufunguo, na jina hilo alilipenda. Basi ripoti ya kifaa changu ikaonyesha siku tisa mfululizo ambazo mpini haukuguswa hata mara moja. Ofisi ikaandika kwamba kijiji kisichotumia pampu yake kitaondolewa kwenye orodha ya matengenezo. Kamati ya maji ikaitisha kikao, nami nikaitwa nikaeleze.

Mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu wote kama kifaa kinaweza kukosea. Nikasema hapana, mashine haina sababu ya kusema uongo. Nililisema hilo kwa raha, sitaficha. Ilikuwa miezi mingi sijasikilizwa na watu wengi kiasi kile.

Yule mama akasimama. "Nilifungua kila siku," akasema, "na hawa wote waliteka." Akawageukia majirani zake. Mwenyekiti naye akawakumbusha kwamba kosa likiwa la mtu mmoja, ofisi itaelewa na pampu itaendelea kutengenezwa. Wakatazama chini. Ikaamuliwa kwamba mama alifunga pampu akaenda kwenye mambo yake, na akaambiwa auweke ufunguo mezani. Aliuweka. Alipopita karibu nami alisema polepole, "Mwanangu, kiangalie tena hicho kidude chako."

Nilikifungua kifaa nikarudi nacho Ukunda, nikiwa nimekasirika. Nilitaka kumthibitishia kwamba amekosea, basi.

Hesabu za mpini hukaa kwenye chipu ndogo, na joto la kile kisanduku cha chuma huisumbua: mara mojamoja tarakimu hujigeuza yenyewe, sifuri ikawa moja. Kwa sababu hiyo kila ukurasa wa hesabu huandikwa pamoja na tarakimu chache za ukaguzi, na programu ikiona kasoro moja huirekebisha. Sehemu ile niliiandika mimi na nikajisifu nayo. Nilichosahau ni kwamba tarakimu za ukaguzi nazo hukaa kwenye joto lilelile. Zikigeuka hizo, hesabu zenyewe huwa salama, lakini programu yangu iliudhani ukurasa umeoza wote, ikautupa, ikaweka sifuri mahali pake. Ukurasa mmoja hubeba siku tisa.

Nilipousoma ukurasa ule moja kwa moja kutoka kwenye chipu, bila kuupitisha kwenye programu, siku zote tisa zilikuwepo. Alfajiri mpini unaanza, adhuhuri unapungua, alasiri unachemka tena, magharibi unanyamaza. Nililia pale mezani, kisha nikajionea haya. Kosa lenyewe nililiondoa kwa mistari minne. Niliwaandikia wakubwa, wakanijibu neno moja, asante, na sikuwa na mtu mwingine wa kumweleza.

Kesho yake nilikwenda kwa kamati nikasema kosa ni langu, mama hana hatia. Mwenyekiti alicheka kidogo, akasema yaliyopita yamepita, akanipa ufunguo nimpelekee.

Nilimkuta barazani kwake akisuka ukili. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nilimweleza yote, nikaomba radhi. Vidole vyake havikusita. Nilipouweka ufunguo juu ya mkeka, aliusukuma ukanirudia.

"Wewe umekuja, na nimekusamehe, wallahi. Na hicho kidude sina ugomvi nacho, hakijapata kunywa maji pale." Akachukua ukindu mwingine. "Lakini hawa waliteka siku zote tisa. Wenye watoto mgongoni niliwapigia pampu mimi, kwa mikono hii. Warudishie ufunguo wao."

Nilijaribu kumbembeleza. Akaniuliza kama nimekula, na nilipojibu bado, akaniletea muhogo, na habari ya pampu hakuitaja tena.

Nilitoka pale na ufunguo mkononi. Kwenye pampu wanawake watatu walikuwa wakisubiri na ndoo zao. Walikuwa wamekaa kikaoni safu ya mbele. Nikawafungulia. Waliteka, wakanishukuru kwa adabu, wakajitwisha ndoo. Hakuna aliyeniuliza yule mama amesema nini.