Siku Nilipokuwa Mlezi wa Dada Yangu

Dada yangu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nina kovu dogo juu ya jicho, la siku alipoinama kuokota kitu akasahau kwamba mgongoni kuna mtu. Kwa hiyo mtaa mzima ulipopata habari kwamba nimekwenda chuo kikuu kuwa mlezi wake, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi ni fundi makochi. Nikikaa na sponji na kitambaa siku nzima bila kusema neno, hiyo kwangu ni siku nzuri.

Dada amefundisha chekechea tangu akiwa msichana. Nusu ya watu wazima wa hapa mtaani walifundishwa na yeye kufunga kamba za viatu, na mpaka leo wanamwita Tichaa, hata yule askari mwenye kitambi ambaye haoni tena kamba zake. Mumewe alipofariki na watoto wakawa na nyumba zao, Dada alisema sasa anataka digrii. Chuo kilichompokea kilikuwa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Akaishi bwenini na wasichana waliomwita bibi na kumwomba awaamshe asubuhi. Hakujali. Alirudi likizo ya kwanza na mkoba mpya, akiongea habari za mitihani kama watu wengine wanavyoongea habari za harusi.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha, mama yetu aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Mama anaishi kwangu. Hospitali walimfunga vyuma, wakamrudisha, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana mama alikataa kuogeshwa na mke wangu.

"Mama, mimi si mwanao?" mke wangu akamwuliza, beseni mkononi.

"Mwanangu ndiyo. Lakini weka maji hapo, utoke."

Mimi kumwogesha mama yangu mzazi, hilo hata halikutajwa. Nilishika kitasa cha mlango tu mama akaanza kukohoa. Likizo ile Dada ndiye aliyemwogesha, akamgeuza, akamkanda miguu, na mama akaanza tena kutania watu. Lakini likizo ilikuwa inakwisha. Ama Dada aache masomo, ama ahamie chuo kikuu cha hapa kwetu, ambacho ukuta wake unaonekana kutoka kibandani ninakotengenezea makochi.

"Usiache shule kwa ajili yangu," mama alimwambia. "Mimi nimeshaishi." Halafu akavuta shuka kifuani. "Kesho maji utachemsha saa ngapi?"

Dada akaenda kuomba kuhama.

Kijana wa dirishani, karani wa usajili, alimsikiliza huku akitafuna kifuniko cha kalamu.

"Barua ya kuachiwa iko wapi?"

"Kule wamesema watanipa mkishanipokea."

"Sisi tunakupokea ukishaachiwa."

"Sasa nianzie wapi, mwanangu?"

"Mwanzo, mama. Kila kitu kina mwanzo."

Dada alipiga simu kule mpaka wakamjua kwa sauti. Mwishowe wakamtumia barua iliyosema chuo hakina pingamizi mwanafunzi huyu ahame, iwapo chuo kitakachompokea hakina pingamizi kumpokea. Nilivyoielewa mimi, barua ile ilikuwa imekubali na kukataa kwa pamoja. Lakini ilikuwa na mhuri mkubwa wa zambarau, na karani alipouona mhuri, uso wake ukalainika kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

"Sawa. Siku ya kamati uje na mzazi au mlezi."

"Nani aje?"

"Wewe. Mwanafunzi anayehamia anafika na mzazi au mlezi. Ndiyo utaratibu."

"Mwanangu, mimi nina wajukuu."

"Wajukuu hawaingii, mama. Mzazi au mlezi."

Mzazi alikuwa kitandani na vyuma nyongani. Ikabidi niwe mimi.

Nyumbani hawakunipa nafasi ya kupumua. "Mlezi, chakula tayari," mke wangu aliniita. Mama akaniambia nimwangalie sana mtoto, asije akapotelea kwenye ngazi. Dada mwenyewe alinipigia pasi shati la bluu, akanifunga vifungo vya mikononi kama zamani, akasema, "Ukiulizwa, jibu kwa kifupi. Usitoe jasho."

Nilianza kutoa jasho getini.

Tulikaa kwenye benchi la korido nje ya chumba cha kamati. Akapita mwanaume mrefu mwembamba, sweta la kahawia, mkoba umejaa makaratasi mpaka haufungi. Dada akasimama haraka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, marahaba," yule akajibu bila kupunguza mwendo, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, akaingia ndani.

Dada akanishika mkono. "Unamjua yule? Ndiye anayetufundisha Saikolojia ya Mtoto kule. Anakuja na basi mwisho wa juma, anafundisha, anarudi. Tunamwita Kama Mnavyojua, maana hawezi kuanza sentensi bila hilo neno."

"Kumbe ni wa hapa?"

"Ameajiriwa hapa. Kule ni kibarua, na hapa hawaruhusiwi kufanya vibarua. Ndiyo maana darasani alituomba tusimpige picha."

"Basi tumepita!" nikasema. Tangu asubuhi hilo lilikuwa neno langu la kwanza la sauti.

"Shh," akasema Dada, lakini na yeye alikuwa anatabasamu.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na viti vipya. Viti vile bado vilikuwa vimevaa nailoni za dukani. Nimeliona jambo hilo katika nyumba nyingi ninazokwenda kupima makochi: watu wananunua kiti kizuri, kisha wanakaa juu ya nailoni kwa miaka, wakisubiri siku ya maana kuliko zote. Ubaya wa nailoni ni kwamba ukijitikisa inalia. Nikakaa ukingoni, nikabana pumzi.

Mbele yetu walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Mzee mmoja ambaye kazi yake, nadhani, ilikuwa kukubaliana na mwenyekiti. Na Kama Mnavyojua. Huyu wa tatu alikuwa anasoma karatasi iliyokuwa mbele yake kwa bidii kubwa. Ilikuwa ratiba ya chai.

Mwenyekiti alianza na mimi.

"Mlezi, tabia ya mwanafunzi nyumbani ikoje?"

Nikaliangalia zulia. "Nzuri."

"Anarudi nyumbani mapema?"

"Anarudi."

"Ana makundi?"

Nikafikiri. "Ana kundi la watoto wa chekechea."

Mwenyekiti akaandika. Nikasikia Dada pembeni yangu anashusha pumzi kwa pua, vile anavyofanya akizuia kicheko, na kiti chake kikalia kidogo.

Kisha wakapitia masomo aliyosoma kule, moja baada ya jingine, kuona kama yanalingana na ya hapa. Lugha na Mawasiliano, likapita. Historia ya Elimu, likapita. Mzee wa kukubaliana alisema historia ni ileile tu. Wakafika Saikolojia ya Mtoto.

"Hili ni lako, daktari," mwenyekiti akamwambia Kama Mnavyojua.

Yeye akakohoa. "Kama mnavyojua," akaanza, "viwango vinatofautiana. Saikolojia ya Mtoto inayofundishwa kule ni nyepesi mno. Wanagusagusa tu. Haiwezi kulinganishwa na ya hapa."

"Umeipitia?"

"Nimeipitia kwa kina."

Hapo hakudanganya. Hakuna mtu duniani aliyeipitia kuliko yeye. Alikuwa amepanda nayo basi kila mwisho wa juma.

Nilimwangalia Dada. Uso wake ulikuwa uleule anaokuwa nao pale mtoto wa chekechea anapomwambia hakuiba chaki, huku midomo ya mtoto ni myeupe kwa chaki.

"Na mwalimu wao?" mwenyekiti akauliza. "Ana sifa?"

"Sidhani," akasema Kama Mnavyojua kwa upole. "Kule wanaokota walimu wa kupita njia."

Mzee wa kukubaliana akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mama," mwenyekiti akamgeukia Dada, "maana ni lazima tukusikilize na wewe. Nani alikufundisha somo hili?"

Kama Mnavyojua aliirudia ratiba ya chai, na sikio lake, lile lililokuwa upande wetu, likawa jekundu polepole kuanzia juu. Mimi ni mtu wa haya, kila anayenijua atakwambia. Lakini nilisikia kitu kinanipanda kifuani. Nikainuka nusu nikafungua mdomo. Nailoni ikatoa mlio mrefu, mbaya, wa aina ambayo mtu hawezi kuieleza mbele ya wanawake. Wote wakanitazama.

"Samahani," nikasema, nikakaa. Ikalia tena.

Dada akaweka mkono wake juu ya goti langu, akaubakiza pale.

"Mwalimu alikuwa mzuri," akamwambia mwenyekiti. "Anajua kazi yake. Jina limenitoka, kwa umri huu. Labda mimi ndiye niliyesikiliza kijuujuu."

Kama Mnavyojua akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa, akaivua tena. Halafu ghafla akawa mtu wa huruma. Akasema, kama wenzake wanavyojua, chuo hakiwezi kumfungia mlango mama mwenye bidii kama huyu. Akapendekeza apokelewe leo hii, ila somo hilo moja alirudie hapa, kwa viwango vya hapa. Mzee akakubaliana. Mwenyekiti akapiga mhuri.

Tulipofika nje nilikuwa nawaka. Niliongea kuanzia korido mpaka getini, maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Nikamwambia yule mtu amejitukana mwenyewe mbele yetu, tena bila aibu, na yeye Dada amemwacha.

"Umemaliza?" Dada akauliza.

"Sijamaliza!"

"Basi malizia ukitembea, maji ya mama yanapoa. Sikiliza, mdogo wangu. Nilikwenda kuhama, sikwenda kumuumbua mtu. Ningemtaja pale, wangeanza kumchunguza yeye, faili langu lingewekwa pembeni wamalize kwanza mambo yao, na hao wakianza mambo yao hawamalizi. Mama angeoga na nani?"

Nikafungua vifungo vya mikono ya shati, tukavuka barabara.

Masomo yalifunguliwa. Dada alikuwa anamwogesha mama asubuhi, anavuka barabara, anaingia darasani, na jioni anapita kibandani kwangu kunisimulia huku mimi navuta kitambaa na kupiga misumari. Siku ya kwanza ya Saikolojia ya Mtoto alikuja akiwa hajiwezi kwa kicheko. Akakaa juu ya kochi lisilo na miguu, akanisimulia.

Kama Mnavyojua aliingia na makaratasi yaleyale, na doa lilelile la chai kwenye ukurasa wa kwanza. Akawaambia vijana wasahau yote waliyowahi kusikia kwingine, hapa watapata kitu cha kina. Akaanza. Dada alikuwa na daftari lake la mwaka uliopita. Akawa anafuata kwa kidole, na kidole hakikukosea hata mstari.

"Sasa kule," Dada akasema, "akifika sehemu ya michoro ya watoto, alikuwa na kisa. Kwamba wiki iliyopita mwanawe mdogo alichora picha ya nyumbani kwao. Yeye akatazama, akaona mama, akaona paka, akaona mlango. Akauliza, na baba yuko wapi? Mtoto akamwambia, umeshatoka."

"Na hapa?"

"Hapa akafika palepale. Akavua miwani. Akasema, kama mnavyojua, wiki iliyopita mwanangu mdogo alichora picha. Mimi nikacheka."

"Kabla hajamaliza?"

"Kabla paka hajafika! Darasa zima likageuka. Akasema, mama wa nyuma, unacheka nini? Nikasema, samahani mwalimu, nimemkumbuka mtoto. Hajambo?"

Nikaacha nyundo. "Akasemaje?"

Dada alichomoa uzi uliokuwa umetokeza kwenye kochi la watu, jambo ambalo anajua silipendi.

"Akasema hajambo, amekua. Halafu akawa anatafuta ukurasa. Kile kisa hakukimalizia." Akauzungusha ule uzi kidoleni. "Nilimwonea huruma, unajua. Hata kisa chenyewe ni cha kweli."

Tulifunga kibanda tukaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa ameshachemsha maji na kuyaweka mlangoni, kisha akatoka, kama alivyozoeshwa. Dada akakunja mikono ya blauzi akaingia, nami nikabaki ukumbini nikisikia maji na sauti zao.

"Haya, wamekufundisha nini leo, Tichaa?" mama akauliza.

"Kile cha mwaka jana, mama."

"Chote?"

"Chote. Neno kwa neno."

Mama akafikiri. Maji yakamwagika taratibu.

"Afadhali," akasema. "Hicho utafaulu."