Diskette ya driver niliyoifuta Mashimoni, na fundi niliyemsingizia

Wakuu, salamu kwenu. Kwa miaka mingi nimekana jambo hili, hata mbele ya mtu aliyeniamini kuliko ndugu zake. Leo nakiri: ile diskette niliifuta mimi. Sijaongeza chumvi, na mtaona wenyewe kwamba kisa hiki hakinipambi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina maoni mengi.

Rafiki yangu Consolata alikuwa na chumba cha kutaipu Mashimoni, Kibera. Meza moja, kompyuta moja, na umeme ambao hatukuuliza unatoka wapi.

Mchumba wake, Wekesa, alikuwa fundi wa redio mwenye kibanda Kawangware, stage ya 56. Disemba walikuwa waende magharibi, kwa wazazi, jambo lao lijulikane.

Mimi nilikuwa "Prof". Wekesa ndiye aliyenibandika hilo jina kwa kunitania. Nililipenda kuliko nilivyoonyesha.

Kutoka chuo nilikuwa nimeleta mfumo mpya wa kompyuta, wa bure, unaokuja na source code yake yote, yaani maandishi yote yaliyoutengeneza. Nikauweka kwenye kompyuta ya Conso, nikawahubiria kwamba hauna siri, kila mtu anaweza kuusoma.

(Mashimoni nzima hakuna aliyeomba kuusoma. Hata mimi sikuusoma.)

Wekesa akatuletea printa kuukuu kutoka ofisi moja ya town, pamoja na diskette ya driver, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa. Akanieleza polepole kwamba driver hukaa kando, kwa sababu kampuni iliyotengeneza printa haitaki kuwaachia watu wa mfumo waitie ndani ya mfumo wao.

Nikacheka. Nikamwambia mfumo wangu una kila kitu.

Na kwa vile nilikuwa nimepungukiwa na diskette moja ya kumalizia kukopi source code, nikafuta ile yake.

Wiki hiyo jirani akafiwa na mume. Conso akachukua kazi ya kuchapa programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na nyimbo. Basi la kupeleka mwili nyumbani lilikuwa liondoke Ijumaa asubuhi.

Alhamisi printa ikatoa karatasi tupu. Tulipomuuliza Wekesa, akasema turudishe mfumo wa zamani, kisha tuweke driver. Tukaurudisha. Conso akanipa ile diskette ya Wekesa.

Nikaiingiza. Nikageuza screen upande wangu, nikaona mafaili yangu yamejipanga. Nikasema, "Hii haina driver. Jamaa yako amekuletea diskette tupu."

Ni hayo tu niliyosema.

Basi likaondoka bila programu. Kabla ya kupanda, wafiwa walimsema Conso mbele ya kanisa zima lililokuja kuaga mwili.

Jumamosi akaenda 56, akamrushia Wekesa diskette mbele ya wateja, akamwambia mtu wa kumwaibisha mbele ya maiti hawezi kuwa mume wake. Wekesa akaiokota, akaitia mfukoni. Baada ya mwezi alifunga kibanda, akarudi kwao.

Conso hakuolewa kamwe. Kila aliponiuliza kama nina hakika, nilisema ninayo.

Nilichojifunza nakiandika hapa, maana nikifika mwisho sitakuwa na la kuongeza. Niliogopa kuonekana mjinga kwa siku moja, nikaacha mtu aitwe mwongo miaka yote hiyo. Kama umewahi kubeba kitu cha namna hii, andika hapo chini. Anayetaka kunichapa pia, nafasi ipo.

Mwezi uliopita nilipata namba ya Wekesa. Nikampigia, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Prof, ile diskette niliifungua kwa rafiki yangu wiki ile ile," akasema. "Nikakuta mafaili yako. Nikajua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema mimi, ningeonekana najitetea. Ungesema wewe, angeamini. Nikakungoja mwezi mzima."

Kisha akauliza kama nimeshamwambia Conso.

Nikamwambia kwamba Conso tulimzika mwaka jana.

Hakukata simu. Nami sikukata. Credit yangu ndiyo iliyoikata.